Kiti cha Mama Achieng na Fundi wa Kongo

Vijana wangu, mkitaka kuniharibia chai, nitajieni Kongo. Sisemi ile nchi ya mbali yenye msitu na mto mkubwa. Nasema Kongo ya Kawangware, kule kwenye mabati, ambako kuna mama mmoja anaitwa Nekesa anayetengeneza viti vya pikipiki. Mimi nimestaafu. Macho yamekataa kuona tundu la sindano, na cherehani nimempa binti yangu anashonea watoto sare za shule. Lakini wivu haustaafu. Wivu wangu bado unaamka nami asubuhi, tunapiga mswaki pamoja.

Kila nikikaa hapa Mashimoni, kwetu Kibera, kwenye kibanda cha maji mnaniuliza, "Mzee Ouma, kiti cha abiria kinatengenezwaje ndiyo mtu asife njiani?" Nitawaambia. Ila siwezi kuwaeleza kiti bila kuwaeleza Nekesa, na siwezi kumtaja Nekesa bila kuiacha chai yangu ipoe. Kwa hivyo mtanivumilia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Wafula, fundi wa sofa. Alikuwa mtu wa maneno machache na gundi nyingi. Gundi usiiharakishe, alikuwa akisema. Paka pande zote mbili, ngoja, gusa kwa kidole. Ikikushika bado, ngoja tena. Kisu cha kukatia sponji kichovye kwenye maji ya sabuni, kitapita bila kutafuna. Hayo yote ni kweli mpaka leo. Lakini kulikuwa na neno lake moja nililolishika kama amri: "Ouma, mgeni akikaa lazima azame kidogo. Asipozama atafikiri humpendi."

Boda zilipojaa Kibera, waendeshaji wakaanza kuniletea viti. Vile vya dukani ni vigumu kama benchi la kituo cha polisi. Mimi nikawawekea sponji nene, laini, pana, nikaifunika kwa ngozi bandia ya rangi mbili na kuishona kwa mistari inayokatana kama wavu wa samaki. Ukikibonyeza kwa kiganja kinarudi polepole kama unga wa mandazi uliofura. Watu walikuja kutoka Laini Saba, kutoka Makina, wengine wakitaka tu picha ya kiti.

Nilikosea pia, sikatai. Kuna mhubiri mmoja wa Kisumu Ndogo aliyepanda kiti nilichokipigilia pini, vile vyuma vya kushikiza ngozi kwenye plastiki, ndefu kupita kiasi. Pikipiki ikaruka tuta mbele ya kanisa lake, pini ikatokeza, na mhubiri akapiga ukelele mkubwa huku mikono iko juu. Waumini waliokuwa wakimsubiri nje wakaitikia "Haleluya!" wakaanza kuimba. Tangu siku hiyo nilipima pini kwanza dhidi ya unene wa plastiki, na nanyi mfanye hivyo. Si kila abiria atapata watu wa kumwimbia.

Basi nilikuwa na jina. Halafu jina jingine likaanza kupita masikioni mwangu. Mwendeshaji anakuja kuzibiwa tundu, anatazama kazi yangu, anasema, "Iko poa, fundi. Lakini kuna mathe anashona viti huko Kongo, wacha tu." Mwingine anasema, "Abiria wangu wa mbali hawataki kiti kingine, wanataka cha Kongo." Nikiuliza kina nini, wanashindwa kueleza. Wanasema tu, "Ukishuka, husikii kama ulikuwa umekaa." Nilikuwa nikicheka kwa sauti kubwa na kushindilia pini kama nampigilia mtu.

Sasa niwajulishe mke wangu. Anaitwa Akinyi, ingawa nyinyi mnamjua kama Mama Achieng, yule muuza omena, dagaa wetu wa ziwani, kule Kisumu Ndogo. Akinyi gari humtapisha. Si basi, si matatu, si gari la harusi lenye maua. Akifunga mlango tu, ameshapauka. Lakini pikipiki, kwa kuwa upepo unampiga usoni, hana shida nayo. Kwa hivyo akienda kwao Ugenya hubebwa na mdogo wake Otieno, ambaye ni mtu wa boda, mwendo wa kutwa nzima kupitia Naivasha, Nakuru na Kericho.

Mama yao alipoanza kuugua, safari zikawa nyingi. Nikaona hapa ndipo mahali pa kuonyesha mapenzi na ufundi kwa mkupuo mmoja. Nikachukua kiti cha pikipiki ya Otieno nikakijaza sponji laini kuliko zote nilizonazo, nikakipanua kama kitanda, nikakishona kwa uzi mwekundu kwa sababu Akinyi anapenda nyekundu. Alipokikalia pale nje alizama, akacheka. Nikajua nimeshinda.

Aliporudi kutoka safari ile, aliingia uani akishika ukuta. Nikamuuliza, "Kiti kilikuwaje?"

"Kizuri," akasema, akaenda kulala kifudifudi.

Safari iliyofuata alirudi amenyooka, akashuka mwenyewe, akaanza kuosha masufuria. Na iliyofuata vivyo hivyo. Nikajiambia sponji imezoea mwili. Nilizunguka Mashimoni nikitangaza: kiti changu kinamfikisha Mama Achieng Ugenya na kumrudisha akiwa mbichi kama sukuma wiki ya asubuhi. Nilitengeneza vingine vya mfano ule ule, na wale waliokuja kulalamika kwamba wanakufa ganzi niliwaambia wana makalio ya kizungu.

Halafu siku moja Otieno akaja na kile kiti. Uzi ulikuwa umekatika pembeni, kilikwaruzwa na mkokoteni. "Shemeji, usikifungue, shona tu kwa juu," akasema. Aliyasema hayo haraka haraka, kisha akajifanya amekumbuka mtu wa kumpeleka kituo cha Adams, akaondoka kwa miguu na kuniachia pikipiki.

Fundi ukimwambia usifungue, umeshamwambia afungue. Nikageuza kiti. Pini zilikuwa zimesimama wima. Mimi pini zangu nazilaza, ndivyo mkono wangu ulivyo. Nikazing'oa moja moja, nikakunja ngozi yangu, ile yenye uzi mwekundu, na chini yake sponji haikuwa yangu.

Nisikilizeni vizuri, maana mtu aliyewahi kukuta koti la mwanamume mwingine nyuma ya mlango wa chumba chake atanielewa. Chini kabisa kulikuwa na sponji ngumu ya vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa pamoja. Juu yake ukanda wa tyubu ya tairi. Juu ya hapo sponji laini, nyembamba, iliyochongwa bonde dogo, si katikati bali upande. Mbele kiti kilikuwa kimebanwa kikawa chembamba, nyuma kikaachwa kipana. Kila ukingo ulikuwa umezungushwa ukawa kama bega la chungu. Na harufu ya gundi ilikuwa ngeni. Mtu mwingine aliingia kwenye kazi yangu, akalala humo, akajifunika blanketi langu.

Akinyi aliporudi kutoka sokoni alinikuta nimekaa nimekipakata.

"Nani alikifungua?"

Akatua beseni lake. Hakujifanya hajui. "Ni mimi nilimwambia Otieno anipeleke Kongo."

"Kwa yule mwanamke?"

"Baba Achieng, safari ya kwanza nilifika Nakuru sisikii miguu. Nilishuka nikaanguka mbele ya watu. Nilikuwa naenda kumwona mama yangu, sikuwa naenda kujaribu kiti."

"Si ungeniambia!"

"Nikuambie, wewe ulikuwa umeshatangazia mtaa mzima? Tukaona tukurudishie ngozi yako juu, usiumie."

Hapo ndipo niliumia kabisa. Kudanganywa kwa ukatili unaweza kugomba. Kudanganywa kwa huruma unagombea wapi?

Asubuhi nikapanda matatu nikaenda Kawangware. Nilitaka nimwone huyo mtu. Nilitarajia duka lenye kioo. Nikakuta kibanda kama changu, mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani na chaki sikioni, na foleni. Ile foleni, vijana wangu! Niliitazama jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Mbele yake kulikuwa na gunia la vumbi la mbao lililoloweshwa maji, limewekwa juu ya benchi lenye urefu wa pikipiki, na msichana mmoja amelikalia, miguu huku na huku. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama kando kama mtu asiyehusika.

"Egemea mbele kidogo, kama mnapanda mlima," Nekesa alikuwa akimwambia. "Sasa inuka polepole." Msichana akainuka, na kwenye gunia pakabaki mashimo mawili mahali mifupa yake ya kukalia ilipoingia. Nekesa akayapima kwa vidole, akaandika kwa chaki kwenye sponji. "Wapi panauma ukikaa sana? Mgongo? Goti?"

Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikipima pikipiki.

Zamu yangu ikafika. "Karibu baba. Pikipiki iko wapi?"

"Sina pikipiki. Mimi ni fundi. Ouma wa Mashimoni."

"Mashimoni ya wapi?"

"Ya Kibera! Ouma wa viti!"

Akafikiri kwa dhati. Niliona anavyonitafuta kichwani mwake, anataka kunipa heshima, lakini hanipati. "Pole baba," akasema. "Sijawahi kukusikia."

Nilikuwa nimelichukia jina lake kwa muda mrefu hivyo, na yeye langu hakuwa nalo hata la kusahau.

Nikamwambia habari za kiti cha Otieno, cha uzi mwekundu. Uso wake ukakunjuka. "Aaah, Akinyi! Nyonga yake ya kushoto inaendeleaje?"

Mtaani kwetu hakuna anayemwita Akinyi ila mimi, na mimi mwenyewe ni mara chache. "Nyonga gani?" nikauliza.

"Si ile inamsumbua tangu azae yule wa mwisho?"

"Ndiyo, ndiyo," nikasema. "Najua." Nilikuwa sijui.

Akanieleza bila kuringa, na afadhali angeringa. Kiti kilikuwa kipana mno mbele, kikamtanua mapaja, na nyonga mbovu ukiitanua kutwa nzima inalia. Sponji ilikuwa laini mno. Mtu akifika Limuru ameshazama yote, kuanzia hapo anakalia plastiki. Ngumu chini ibebe, laini juu ipokee, tyubu katikati inywe mtikisiko. Kiti kisiinamie mbele, maana abiria atamteremkia dereva kila akishika breki, na atachoka kwa kujizuia. Mshono usipite chini ya mifupa. "Lakini ule ushonaji wa juu," akamalizia, "ule sikuthubutu kuukata. Niliurudisha kama ulivyokuwa."

Niliyasikia hayo yote na nimewapa nyinyi hapa bure, yashikeni. Lakini siku ile kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, nyonga. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili hasira ipate pa kutembea.

"Mama Achieng," nikasema kabla sijavua viatu. "Mimi mumeo hunielezi nyonga, unamweleza mwanamke wa Kongo?"

Alikuwa akichambua omena. Hakuinua kichwa.

"Aliniuliza," akasema.

Basi nikafanya kile mtu mwenye wivu hufanya akiwa na ufundi mkononi. Nilinunua gunia, nikaomba vumbi la mbao kwa seremala, nikaloweka, nikamwambia Akinyi akae. Akakaa. Nikatengeneza kiti kipya, nikakibomoa, nikakitengeneza tena, wateja wananisubiri nje wanaguna. Kilipokamilika Otieno akampeleka mpaka Kikuyu na kumrudisha. Nilikuwa nimesimama barabarani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto.

"Ehe?"

"Hiki kizuri kweli, Baba Achieng," akasema. Kisha, kwa kuwa sasa tulikuwa tumeapiana kutodanganyana, akaongeza, "Kimekaribia kile."

Kimekaribia! Mnajua kukaribia ni kitu gani? Ni mtu kufika kituoni akiona mgongo wa gari.

Ikawa ndivyo, viti viwili vya pikipiki moja, changu kimetundikwa ukutani, cha Kongo, nilichokifunga ngozi upya, kiko barabarani. Mpaka siku simu ilipopigwa kutoka Ugenya kwamba mama amebadilika, waje. Otieno, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume, alitangulia na basi lililokuwa linaondoka saa ile. Pikipiki akaniachia mimi nimlete dada yake.

Nikawasha jiko alfajiri, nikaandaa chai. Kiti cha Kongo kilikuwa kimefungwa kwenye pikipiki. Changu nilikishusha ukutani, nikakifuta vumbi, nikakiweka mezani karibu na kikombe chake na spana pembeni. Akinyi alikitazama, akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, na bado nilitaka anichague. Ndivyo wivu ulivyo, hauna hata haya ya kungoja msiba upite.

"Nataka kufika nikiweza kusimama," akasema. "Nataka niingie kwa miguu yangu."

Nikakirudisha changu ukutani.

Tuliondoka jua halijatoka. Kule Limuru baridi ilituuma vidole. Tulipofika Nakuru nikasimamisha pikipiki, nikageuka nione kama ataanguka. Akashuka, akanunua maziwa, akarudi akitembea kama mtu aliyetoka chumbani kwenda jikoni. Nikasikia raha na kisu kwa pamoja. Tulipoingia kwenye majani chai ya Kericho nikamsikia mgongoni ananilalia. Nikafikiri anasali. Kumbe alikuwa anasinzia. Hakuwa amelala vizuri tangu ile simu. Nikapunguza mwendo, nikamfunga kwangu kwa leso yake ya kiunoni, nikaenda polepole, malori yakitupita. Kwenye viti vyangu hajawahi kusinzia. Uzito wake wote ulikuwa mgongoni mwangu, mzito, mwaminifu, na nikawa naionea wivu sponji iliyoko chini yake.

Tulifika mama angali hai. Akinyi akashuka, akaingia kwa miguu yake.

Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe, hata katika ugonjwa. Heshima ni heshima. Nikakaa nje chini ya dirisha, juu ya kigoda, nikiwasikia. Mama mkwe wangu, Mama Pilista, alikuwa na sauti kama karatasi. Alimtambua binti yake mara moja. Wakazungumza habari za watoto. Halafu akamuuliza, "Umekuja na nini, wewe ambaye gari halikutaki?"

"Na pikipiki, mama."

"Kutoka Nairobi? Na hujavunjika?"

"Kuna kiti kizuri, mama. Nimelala njiani."

"Nani alikutengenezea?"

Nikasimama kutoka kwenye kigoda. Nilijua nimesimama pale na mavumbi ya barabara nzima mwilini. Niliomba moyoni aseme ni mimi. Si uongo mkubwa. Ngozi ya juu ilikuwa yangu, uzi mwekundu ulikuwa wangu, dereva nilikuwa mimi.

"Kuna mama mmoja wa Kawangware," Akinyi akasema. "Anaitwa Nekesa."

"Mungu ambariki huyo Nekesa," mama akasema. "Ambariki mikono yake, na watoto wake, na wasipoona njia awape njia. Amenirudishia mtoto wangu nimwone." Akalirudia jina ili asilikosee.

Siku chache baadaye akafariki. Baraka yake ya mwisho iliyosikika ilikwenda Kongo.

Tulipomaliza mazishi na kurudi Nairobi, sikuikalia baraka ya marehemu. Nilikwenda Kawangware siku iliyofuata. Nekesa alikuwa anakata sponji. Safari hii alinikumbuka, "Baba wa Mashimoni." Nikamweleza neno kwa neno, hata pale pa mikono. Yalinitoka kama mwiba wa samaki. Akaweka kisu chini, akaenda akanawa gundi, akarudi akasimama.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Pilista."

"Amina, Mama Pilista," akasema, machozi yakimlengalenga. Kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni, akamwambia akae, amwonyeshe wapi panauma.

Nikarudi kwangu. Akinyi alikuwa ameketi mlangoni, bado ana kitambaa cheusi kichwani. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Mama Achieng, weka nyonga kando. Ni wapi pengine panakuuma?"

Akanishangaa. "Leo umetoka Kongo umekuwa daktari?"

"Nataka nijue mimi kabla watu wa Kongo hawajajua."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Akatazama mikono yake, kisha akaanza na bega la kulia.